Asiyekuwepo na lake lipo

Dereva wa rali Elfyn Evans aliondoka Naivasha Machi 2025 akiwa kifua mbele kwa alama 36 katika ubingwa wa dunia. Alikuwa ameshinda Sweden, akaja akashinda Kenya, na waliomfuata kwenye jedwali walikuwa mbali hata angewatafuta kwa darubini. Mfaransa Sébastien Ogier, mwenzake wa Toyota, hakuwa kwenye hesabu za mtu yeyote siku hiyo. Sweden hakwenda, Kenya hakuja, na Julai ilipofika zamu ya Estonia, huko nako hakuonekana. Novemba, mjini Jeddah, yeye aliyekosa duru tatu kati ya 14 ndiye aliyeinua taji la dunia: alama 293 kwa 289 za Evans. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Hawakuwahi kuiona kalenda ya WRC, mashindano ya dunia ya rali.

Kwanza nimtetee Mfaransa. Ogier alikimbia duru 11 akashinda sita. Evans alikimbia zote 14 akashinda mbili. Ukiniwekea takwimu hizo mbili mezani bila majina, sitasita kusema bingwa ni nani. Wala si kweli kwamba Ogier anaiogopa Kenya; alishinda hapa 2021, mwaka ule Safari Rally iliporejea kwenye mashindano ya dunia baada ya miaka 19, na akashinda tena 2023. Tangu 2022 anakimbia duru anazochagua kwa sababu ana familia, ana umri, na ana mwajiri anayemkubalia. Hajavunja sheria yoyote.

Pia si mara ya kwanza kwa bingwa kukosa duru. Mwaka 2006 Sébastien Loeb alivunjika mkono akiendesha baiskeli, akakosa duru nne za mwisho, na bado akawa bingwa kwa alama moja mbele ya Marcus Grönholm. Lakini Loeb alilazwa nje na mfupa. Likizo za Ogier zilipangwa mapema, na mwaka ulipofungwa zikaonekana zilimlipa. Hapo ndipo pananisumbua. Dereva simlaumu. Nalaumu shindano ambalo limejipanga hivi kwamba kutokuwepo kunakuwa mbinu, hata kama mwenyewe hakuikusudia.

Tuingie kwenye mitambo. Ijumaa, siku ya kwanza ya kazi nzito, magari huondoka kwa kufuata jedwali la ubingwa: kinara wa kwanza, wa pili nyuma yake, hivyo hivyo kwenda chini. Kwenye lami kutangulia ni neema, kwa maana barabara bado haijachafuliwa na udongo unaoburutwa na wanaokata kona. Kwenye changarawe ni adhabu. Anayetangulia ndiye fagio. Kokoto zilizolala juu ya barabara zinamtelezesha kama mtu anayekimbia juu ya maharagwe makavu, na kila anapopita anamsafishia njia anayemfuata. Wa tano au wa sita anakuta udongo mgumu unaoshika tairi. Jumamosi na Jumapili mpangilio hufuata matokeo ya rali yenyewe yakiwa yamepinduliwa, aliye chini ndiye anayetangulia, lakini hasara ya Ijumaa huwa imeshaandikwa kwenye daftari.

Sasa soma msimu wa Evans kwa jicho hilo. Kuanzia Naivasha hadi Estonia alikuwa kinara, kwa hiyo alikuwa fagio. Ureno, Sardinia, Ugiriki, Estonia: changarawe tupu, na hakupanda jukwaani hata mara moja katika hizo nne. Ogier, ambaye kukosa Sweden na Kenya kulimshusha kwenye jedwali, alishinda Ureno na Sardinia akipita nyuma ya mfagiaji. Kutangulia si kufika, na kwenye rali methali hii ina maana ya moja kwa moja kabisa.

Kenya ina tabia yake. Hapa kwetu kinara haumii kiasi kile. Vumbi la Kedong, karibu na Naivasha, lile laini kama unga wa muhogo, ambalo madereva huliita fesh-fesh, likishakanyagwa na magari manne linakuwa mitaro, na mawe yaliyokuwa yamezikwa chini yake yanafufuka. Upepo ukitulia, wa nyuma anakula vumbi hadi haoni boneti yake. Mvua ikinyesha, wa kwanza anapita kwenye matope ambayo bado yana sura ya barabara. Wa sita anapita kwenye shamba la mpunga. Evans alikuja Naivasha akiongoza ubingwa, akafungua njia, akashinda. Ukiniuliza ni duru gani ya changarawe ambayo mtu mwenye akili ya kuhesabu angemshauri Ogier asiikose, ningesema hii. Yeye aliikosa na bado akapita. Kipimo cha kipaji chake ni hicho, na kipimo cha ulegevu wa sheria ni hicho hicho.

Dawa ilishawahi kuwepo. Mwaka 2012 na 2013, kwenye rali za changarawe, kulikuwa na mkondo wa kufuzu, yaani kipande cha barabara kinachopimwa muda, kabla ya rali kuanza, na aliyekuwa na kasi zaidi alichagua mwenyewe nafasi ya kuondokea. Ukafutwa 2014. Sijawahi kusikia sababu iliyoniridhisha ya kuufuta. Urudi, basi kinara ataipigania nafasi yake kwa usukani badala ya kupewa ufagio kwa kosa la kufanya vizuri, na anayekosa duru hatabaki na zawadi yoyote ya ziada zaidi ya mapumziko yake.

Mapumziko yenyewe nayo si jambo dogo. Tazama walioondoka. Kalle Rovanperä, bingwa wa 2022 na 2023, alipunguza duru zake mwaka 2024, akarudi kikamilifu 2025, kisha Oktoba akatangaza kwamba anaachana na rali kwenda kwenye mbio za viwanjani, Super Formula ya Japan, akiwa na miaka 25. Wiki chache baadaye Ott Tänak, bingwa wa 2019, naye akasema anaweka kando kazi hii msimu ukiisha. Mabingwa wawili katika vuli moja! Mmoja kijana anayetaka kujaribu ulimwengu mwingine, mwingine mtu mzima aliyezunguka kutoka Toyota kwenda Hyundai, akaenda M-Sport, akarudi Hyundai, na sasa amechoka kuhama na kuhesabu mabegi. Sababu zao hazifanani. Ila wote wawili wameondoka kwenye kalenda inayoanza kwenye barafu ya Monte-Carlo mwezi Januari, ikapita kwetu, ikazunguka Ulaya, ikavuka bahari hadi Paraguay na Chile, ikaenda Japan na kumalizikia kwenye jangwa la Saudia mwezi Novemba.

Dereva wa rali haji kazini Jumapili akaondoka Jumapili. Kuna siku za kukagua barabara na mwelekezi wake akiandika kila kona, kuna majaribio ya gari, kuna safari. Duru 14 zinakula mwaka mzima. Mtu mwenye mataji tisa nyumbani na mtoto anayekua anafanya hesabu yake, na hesabu ya Ogier naielewa vizuri sana.

Lakini kalenda isingekuwa na nguvu hiyo kama timu zingekuwa na afya, na hapa ndipo mambo yanakuwa mazito.

Kwenye daraja la juu kuna majina matatu: Toyota, Hyundai na M-Sport Ford. Mwaka 2025 Toyota walishinda duru 12 kati ya 14. Hyundai waliambulia Ugiriki kwa mkono wa Tänak na Saudia kwa mkono wa Thierry Neuville. Finland, Toyota walijaza nafasi tano za kwanza zote. Hapa Kenya wameshinda kila Safari tangu irejee, kuanzia 2021 hadi 2025, na mara mbili kati ya hizo, 2022 na 2023, walichukua nafasi nne za juu bila kumwachia mtu hata mfupa. Watu huniambia huo ni ubabe wa Toyota. Mimi naona zaidi ni upweke wao. Mwenye duka peke yake mtaani hasifiwi kwa kuuza sana.

Hyundai wanatembea mguu mmoja nje ya mlango. Kampuni mama imeelekeza pesa kwenye mbio za masafa marefu za viwanjani kupitia chapa yake ya Genesis, na kwa muda mrefu imekuwa ikikwepa kujifunga kwa maneno yasiyo na shaka kuhusu kuendelea baada ya 2026. Kwa mwaka huo wana Neuville na Adrien Fourmaux kwa msimu mzima, na gari la tatu wanapokezana Dani Sordo, Esapekka Lappi na Hayden Paddon. M-Sport nao si kiwanda. Ni kampuni binafsi iliyoko Cumbria, kaskazini mwa Uingereza, iliyojengwa na Malcolm Wilson, inayotengeneza magari ya Ford na kuyauza ili iweze kuyakimbiza. Ushindi wao wa mwisho ni Chile 2023, na aliyewapa ni Tänak, ambaye aliondoka msimu ulipoisha.

Angalia uhamisho wa madereva unavyosema ukweli ambao taarifa za timu hazisemi. Citroën walipompoteza Ogier mwishoni mwa 2019 walifunga virago siku hiyo hiyo, kwa sababu hawakuwa na mwingine wa daraja lake. Volkswagen walipojitoa mwishoni mwa 2016 kufuatia kashfa ya injini za dizeli, Ogier alienda M-Sport akawapa mataji mawili, 2017 na 2018, kisha akaondoka na neema ikaondoka naye. Timu yenye afya humpoteza dereva ikapata mwingine. Timu mgonjwa humpoteza dereva ikamfuata mlangoni. Toyota wamempoteza Rovanperä, wakafungua kabati wakamtoa Oliver Solberg, kijana aliyepewa gari la Rally1, lile la daraja la juu, kwa wikendi moja tu Estonia 2025 akashinda, mwaka ule ule akiwa bingwa wa WRC2, ubingwa wa daraja la pili. Hyundai wamempoteza Tänak, wakagawa kiti watu watatu.

Kuanzia 2027 sheria mpya zinaingia. Bei ya gari imewekewa kikomo cha euro 345,000, na watengenezaji wadogo wasio viwanda watakaribishwa kujenga magari yao wenyewe. Napenda wazo hilo kwa sababu linaitoa rali mikononi mwa bodi za wakurugenzi wa Seoul na Toyota City na kuirudishia mafundi. Hata hivyo gari la bei nafuu halisafiri kwa bei nafuu. Kontena la kwenda Asunción, Paraguay, halijali kama ndani yake mna gari la euro laki tatu au milioni. Ndiyo maana naona ajabu kwamba wanapunguza gharama ya gari bila kugusa urefu wa kalenda. Duru 12 zingetosha, na nyingine zingepokezana miaka. Mpango wa kupokezana uliwahi kujaribiwa katikati ya miaka ya 1990, na Safari yenyewe ikajikuta nje ya ubingwa mkuu mwaka 1995. Najua wengi hapa nchini hawatapenda kusikia hilo. Lakini kupumzika mwaka mmoja ukajua utarudi si sawa na kufukuzwa kama ilivyotokea baada ya 2002, Colin McRae aliposhinda ile ya mwisho na kisha tukakaa karibu miongo miwili tukisimulia hadithi.

Na sisi wenyewe je? Safari ilirejea Juni 2021, ikabaki Juni kwa miaka mitatu, kisha 2024 ikahamishiwa Machi, wikendi ya Pasaka, na 2025 ikabaki Machi. Wako waliolalamika kwamba tumepelekwa kwenye mvua za masika ili kuwapa nafasi wengine kiangazini. Wamesahau Pasaka ndiyo nyumba ya zamani ya rali hii. Ilianza 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa malkia wa Uingereza, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na sifa yake yote ilijengwa na matope. Mwaka 1963 yalimaliza magari saba tu, na 1968 tena saba tu, na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Peugeot 404. Juni inatupa vumbi na picha nzuri. Machi inatupa bahati nasibu, dereva asijue asubuhi kama atapita jangwani au mtoni, mara nyingine vyote kabla ya chakula cha mchana. Nachagua Machi bila kusita.

Mkataba wa kuandaa duru hii uliotangazwa Naivasha Juni 2021 ulikuwa wa kutufikisha 2026. Mazungumzo ya aina hii kwetu huishia kwenye swali moja: tutabaki kwenye kalenda au hatubaki, na serikali itatoa kiasi gani. Ni swali la mnunuzi anayeogopa kuulizia ubora. Nchi inayolipa kuandaa duru ya dunia ina haki ya kuuliza nani atakuja. Haiwezi kumfunga Ogier kamba. Inaweza kudai angalau kwamba kila timu ya kiwanda ilete magari yake yote iliyosajili, na kwamba moja ya viti hivyo, siku moja, akalie mtu wa hapa.

Hili la mwisho ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu lilikuwa kawaida. Zamani kiwanda kikija Safari kilikodi mwenyeji. Datsun walikuwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya, ambaye alishinda mara tano: 1973, kisha nne mfululizo kuanzia 1979. Mitsubishi walimpa Joginder Singh gari akashinda 1974 na 1976, juu ya ile ya 1965 aliyoshinda na Volvo. Bert Shankland wa Dar es Salaam alitwaa 1966 na 1967 kwa Peugeot. Patrick Njiru aliendesha Subaru. Ian Duncan alishinda 1994 na Toyota, na tangu hapo hakuna Mkenya aliyeshinda Safari ikiwa duru ya dunia. Kupokezana kiti si uvumbuzi wa Hyundai. Ni desturi ya zamani. Tofauti ni kwamba sasa wanaopokezana ni Mhispania, Mfini na Mnyuzilandi.

Sitaki kudanganya kwamba ni ubaguzi tu. Safari ya Mehta ilikuwa maelfu ya kilomita kwenye barabara za umma, pamoja na ng'ombe na malori, na mwenyeji alijua mto gani hujaa saa ngapi. Safari ya leo ni kilomita zisizofika 400 za mikondo iliyofungwa, nyingi ndani ya mashamba na hifadhi za kuzunguka Naivasha na Elmenteita, na Mfini anaikagua mara mbili kama Mkenya. Ujuzi wa kuzaliwa nao umepungua thamani. Na dereva wetu anayeshindana mwaka mzima na Rally2, gari la daraja la chini ya Rally1, kwenye ubingwa wa Afrika, kutoka Mkwawa Rally ya Tanzania hadi Pearl of Africa ya Uganda, hapati mahali pa kuonja kasi ya Rally1. Hata hivyo 2021, magari ya wakubwa yalipovunjikavunjika, Onkar Rai, Karan Patel na Carl Tundo walimaliza wa saba, wa nane na wa tisa kwa jumla. Solberg alipewa wikendi moja. Sisi hatujaomba hata hiyo moja.

Pale Naivasha, Jumapili ile Evans alipokuwa akikaribia kushinda, nilisimama karibu na Probox iliyopaki kando ya uzio. Juu ya paa alikaa kijana mwenye hindi la kuchoma mkononi na kofia ya Toyota aliyoichora mwenyewe namba 17 kwa kalamu nene. Namba ya Ogier. Magari manne yakapita, la tano likapita, akageuka akaniuliza, "Mzee, huyu wangu anatoka wa ngapi?"

Nikamwambia mwaka huu hakuja.

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemzuia, kisha akaivua kofia, akaigeuza namba ikaangalia nyuma. "Basi huyo mwaka huu hana lake," akasema, na kurudi kwenye hindi lake.